Namna ya Kuchagua Baraza la Kiroho la Taifa Bila Mgombea Hata Mmoja

Jumuiya ya Kibahai, yaani ya wafuasi wa dini ya Bahá'í, haina mapadre, masheikh wala wachungaji. Uongozi wa jumuiya hiyo kwa nchi nzima uko mikononi mwa watu tisa waitwao Baraza la Kiroho la Taifa, nao huchaguliwa upya kila mwaka. Hakuna fomu ya kugombea, hakuna kupendekeza majina, hakuna hotuba ya kuomba kura. Aliyezoea uchaguzi wa saccos, wa chama cha ushirika au wa serikali ya mtaa huuliza papo hapo: sasa nitampa nani kura kama hakuna aliyejitokeza? Ni swali la haki kabisa. Jibu lake ni kwamba sehemu ngumu ya uchaguzi huu hufanyika miezi kadhaa kabla ya siku ya kura, ndani ya kichwa cha kila mjumbe, yaani mpiga kura aliyechaguliwa na waumini wa eneo lake. Siku yenyewe inabaki na kazi ya karatasi, bahasha na hesabu, na kazi hiyo ikilegezwa inaharibu hata kura iliyopigwa kwa moyo safi.

Utaratibu huu una umri mkubwa huku kwetu. Mwaka 1956 wajumbe walikutana Kampala kuchagua Baraza la Afrika ya Kati na Mashariki, lililosimamia nchi nyingi kwa pamoja. Mwaka 1964 eneo hilo likagawanywa, Kenya ikapata Baraza lake, na Tanganyika na Zanzibar zikapata lao. Katikati ya miaka hiyo, Aprili 1963, wajumbe wa Mabaraza ya Taifa 56 walichagua Nyumba ya Haki ya Ulimwengu ya kwanza, chombo cha juu kabisa cha Wabahai duniani chenye makao Haifa. Mmoja wa tisa waliochaguliwa alikuwa Ali Nakhjavani, aliyekuwa ameishi na kufanya kazi Uganda miaka ya 1950. Mpaka leo kila baada ya miaka mitano wajumbe wa Mabaraza yote ya Taifa ndio wanaopiga kura hiyo ya Haifa. Kwa hiyo majina tisa unayoandika ukiwa Arusha au Nakuru ni ya watu watakaoongoza jumuiya ya nchi nzima, na ukifika mwaka wa kura ya Haifa, watakaopiga kura ya dunia.

Nani anapiga, nani anapigiwa

Anayepiga kura awe Mbahai aliyeandikishwa, ametimiza miaka 18, anaishi katika eneo husika, na haki zake za kiutawala hazijasimamishwa. Anayechaguliwa awe ametimiza miaka 21. Wanaume na wanawake wako sawa katika Baraza la Taifa. Mume na mke wanaweza wote wawili kuwemo. Mtu akiona kwa dhati kwamba yeye mwenyewe anafaa, hakuna kosa kujiandika.

Washauri wa Bara, maofisa walioteuliwa kushauri jumuiya za bara zima, hawaingii katika Mabaraza ya Taifa wala ya Mahali (ya mji au kijiji), kwa hiyo kura utakayompa Mshauri inapotea. Mjumbe wa Bodi Saidizi, inayowasaidia Washauri hao, anaweza kuchaguliwa, ila akichaguliwa lazima aamue abaki na kazi ipi kati ya hizo mbili, maana hazishikwi pamoja.

Ofisi ya katibu inatakiwa kuwa na orodha iliyosafishwa angalau miezi mitatu kabla ya mikutano ya vitengo, ile ya maeneo inayochagua wajumbe. Kinachosumbua sana ni watu kuhama. Mtu alijiandikisha Mwanza, akahamia Morogoro kwa kazi, na jina lake bado liko Mwanza. Akija kupiga kura Morogoro, haonekani kwenye orodha. Akibaki kwenye orodha ya Mwanza, anahesabiwa mahali asipoishi. Kanuni ni kwamba mtu anapiga kura pale anapoishi. Kila Baraza la Mahali lipewe orodha yake, liihakiki jina kwa jina, liirudishe ikiwa imesainiwa. Kuulizana kwa simu tu hakutoshi, kwa sababu baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka nani alithibitisha nini.

Hatua ya kwanza: mkutano wa kitengo

Uchaguzi una ngazi mbili. Nchi hugawanywa katika vitengo vya uchaguzi, na waumini wa kila kitengo huchagua mjumbe mmoja au zaidi wa kwenda Mkutano Mkuu wa Taifa. Idadi ya wajumbe kwa nchi huwekwa na Nyumba ya Haki ya Ulimwengu. Marekani wanao 171, na jumuiya ndogo zaidi zina 19, 38 au 57. Baraza la Taifa ndilo linalogawa nafasi hizo kwa vitengo kufuatana na wingi wa waumini.

Idadi ya majina kwenye karatasi ya kura ya kitengo iwe sawasawa na idadi ya wajumbe wanaotakiwa. Kitengo cha mjumbe mmoja, jina moja. Kitengo cha wajumbe wawili, majina mawili, hata kama moyoni unamwona mmoja tu anayefaa. Wenye kura nyingi ndio wanaopita, si lazima wavuke nusu. Asiyeweza kufika atume kura yake kwa bahasha mbili, kama itakavyoelezwa chini.

Hapa pana kosa moja linalojirudia vijijini na mijini: watu humchagua mjumbe kana kwamba ni mbunge wao. Wanamwambia, nenda katutetee, hakikisha mtu wetu anaingia. Mjumbe hatumwi hivyo. Akishachaguliwa, anapiga kura kwa dhamiri yake kwa ajili ya nchi nzima, na anaweza kuandika majina tisa ambayo hata moja halitoki kwenye kitengo chake. Maoni ya kitengo kuhusu kazi za jumuiya, madarasa ya watoto, fedha, ujenzi, hayo anayabeba na kuyawasilisha kikamilifu. Majina ya kura habebeshwi na mtu yeyote.

Kosa la pili ni kumpeleka mtu kwa sababu ana nauli, au ana nafasi kazini, au hajawahi kufika mjini. Mjumbe anayefaa ni yule anayezijua jumuiya nje ya kwao na anayeweza kukaa siku mbili tatu akisikiliza ripoti ndefu bila kuchoka. Nauli ni jukumu la mfuko. Baraza lipange bajeti hiyo mapema, ili umaskini wa mtu usimzuie kutumwa.

Kazi ya miezi mitatu: kuwajua watu

Kuanzia siku ulipochaguliwa kuwa mjumbe mpaka siku ya Mkutano Mkuu, una kazi moja: kuwafahamu Wabahai wa nchi yako kiasi cha kuweza kutaja tisa bila kuombwa na bila kuelekezwa. Usijifunge kwa wajumbe wenzako. Anayechagulika ni Mbahai yeyote wa nchi hiyo aliyetimiza sifa, awe mjumbe au asiwe, awe amehudhuria Mkutano au yuko kwake Kigoma anavuna mihogo.

Sifa za kuangalia zilitajwa na Shoghi Effendi, kiongozi wa Wabahai duniani wakati huo, mwaka 1925, na wajumbe wa nchi zote huzitumia: uaminifu usio na shaka, kujitoa bila kujitafutia, akili iliyofunzwa, uwezo unaotambulika, na uzoefu uliokomaa. Tano hizo zisome pamoja. Kuna watu wacha Mungu ambao hawawezi kukaa na faili la hesabu kwa saa nzima, na kuna wahasibu hodari ambao wakipingwa kwenye kikao hununa mwezi mzima. Baraza hufanya kazi kwa mashauriano ya watu tisa, na uamuzi ukishapita wote tisa husimama nao, hata waliokuwa na maoni tofauti. Kwa hiyo jiulize pia: huyu akishindwa kwenye hoja, hufanya nini?

Njia za kumjua mtu ziko nyingi na zote ni za wazi. Soma ripoti zinazotumwa kwa jumuiya uone nani anafanya kazi gani. Hudhuria semina na mikutano ya kanda, jitolee kupika, kukaribisha wageni, kuandika kumbukumbu, kwa sababu mtu hujulikana vizuri zaidi jikoni na kwenye daladala kuliko jukwaani. Tazama nani anafika kwa wakati, nani anarudisha chenji ya mfuko ikiwa na risiti, nani anawasikiliza vijana na akina mama. Andika kumbukumbu zako kwenye daftari lako binafsi kama zinakusaidia, na daftari hilo lisionwe na mtu.

Sasa mpaka uko wapi? Kuzungumza juu ya sifa kunaruhusiwa na kunafaa. Kuzungumza juu ya majina hakuruhusiwi, hata kwa nia njema, hata kwa kunong'ona, hata kati ya mume na mke. Ukisema "tunahitaji mtu anayejua fedha na asiyeogopa kusema hapana," umezungumza sifa. Ukiongeza "kama yule dada wa Tanga," umeingia kwenye kampeni. Makundi ya WhatsApp yameleta hatari mpya hapa. Mtu anapandisha picha za waliohudumu mwaka uliopita na kuwashukuru wiki moja kabla ya kura, au anasambaza wasifu wa mwanajumuiya fulani bila sababu ya haraka. Hakusema mpigieni, lakini jina limeshapandwa. Katibu awaombe wasimamizi wa makundi kusimamisha jumbe za aina hiyo mwezi mzima kabla ya Mkutano. Ukipigiwa simu na mtu anayetaka kujua utamwandika nani, mjibu kwa upole kwamba hilo halizungumzwi, kisha badilisha mada. Kumjibu kwa mzaha kunamfungulia mlango.

Jambo lingine linahitaji ujasiri. Kwa kuwa hakuna wagombea, majina yanayokuja haraka kichwani ni ya wale waliomo tayari. Baadhi yao wanastahili kurudi. Lakini mjumbe anayeandika tisa walewale kwa sababu hawajui wengine hajachagua, amenakili. Ukigundua kwamba huwezi kumtaja mwanamke hata mmoja, au kijana chini ya miaka 40, au mtu wa nje ya mji mkuu, hiyo ni dalili kwamba hujatembea vya kutosha. Anza na sifa kwanza. Unapobaki na watu kadhaa wanaolingana kwa sifa, hapo ndipo utazame umri, jinsia na mchanganyiko wa watu wa nchi. Kuanza na kabila halafu kutafuta sifa ni kugeuza mambo.

Karatasi na bahasha

Mkutano Mkuu hufanyika kwa kawaida karibu na kipindi cha Ridván, sikukuu ya Kibahai ya siku 12 zinazoanza tarehe 20 au 21 Aprili. Mwaka wa kura ya Haifa, kama ilivyokuwa 2023 na itakavyokuwa 2028, Mikutano ya Taifa husogezwa mbele hadi wajumbe wa Mabaraza warudi. Hesabu ratiba yako nyuma kutoka siku hiyo. Kura za wasiohudhuria zitumwe kwa wajumbe mapema kabisa, wiki sita zikiwezekana, maana basi la parseli linaweza kuchelewa na mvua za masika hukata barabara wakati huohuo.

Kila mjumbe atumiwe barua ya mwaliko, karatasi moja ya kura, bahasha ndogo isiyo na maandishi yoyote, na bahasha kubwa yenye nafasi ya jina, kitengo na sahihi. Asiyeweza kufika anaandika majina tisa, anaiweka karatasi kwenye bahasha ndogo, anaifunga, anaiingiza kwenye kubwa, anaandika jina lake juu ya ile kubwa, anasaini, anatuma. Bahasha kubwa inathibitisha kwamba aliyepiga ni mjumbe halali. Bahasha ndogo inalinda siri. Ikikosekana moja kati ya hizo, kura inaingia mashakani: jina likiandikwa juu ya bahasha ndogo siri imevunjika, na bahasha kubwa isiyo na jina haijulikani ni ya nani. Weka maelekezo ya mistari minne ndani ya kila bahasha, kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa. Picha ya karatasi iliyopigwa na kutumwa kwa simu haifai kuwa kura, kwa sababu aliyeipokea ameshaiona.

Karatasi ya kura iwe na mistari tisa yenye namba 1 hadi 9. Namba hizo ni dawa ndogo ya tatizo kubwa, kwani mwandishi huona mara moja mstari uliobaki wazi. Usichapishe namba ya mfululizo kwenye karatasi, wala nafasi ya jina la mpiga kura. Kwa wajumbe 57, chapisha karatasi 75 ili ziwepo za akiba kwa watakaokosea, na pembeni uwe na karatasi nyingine 60 za rangi tofauti kwa ajili ya kura ya marudio. Karatasi iliyokosewa irudishwe na ichanwe mbele ya mwenyewe kabla hajapewa nyingine.

Kwa mjumbe asiyejua kusoma au asiyeona vizuri, msaada unaruhusiwa, lakini ni yeye anayemchagua msaidizi. Baraza au mwenyekiti wa Mkutano hawampangii mtu. Msaidizi anaandika anachotamkiwa, anasoma aliyoandika, basi. Hakumbushi jina lililosahaulika, hasemi "mbona umemwacha fulani." Wakae mbali na wengine ili sauti isisikike.

Siku ya kura

Mkutano hufunguliwa kwa sala, wajumbe huitwa majina, kisha huchagua mwenyekiti na katibu wa Mkutano kutoka miongoni mwao kwa kura ya siri. Wahesabu kura huteuliwa wakati huo. Watano wanatosha kwa wajumbe 57, na mmoja wao awe mkuu wao. Ripoti ya mwaka na ya fedha zisomwe na kujadiliwa kabla ya kura, maana mjumbe anahitaji kujua jumuiya ilipo ili ajue inahitaji watu wa namna gani.

Kabla ya kupiga kura ukumbi hukaa kimya na sala husomwa. Muda huu usibanwe. Ukumbi ukiwa umechelewa ratiba, mwenyekiti hupata kishawishi cha kupunguza hapa. Apunguze matangazo.

Sanduku lioneshwe tupu, lifungwe. Katibu anaita wajumbe mmoja mmoja kwa orodha. Mjumbe anakuja mbele, anatumbukiza karatasi aliyoikunja mwenyewe, na jina lake linawekewa alama. Likifikiwa jina la asiyehudhuria, mkuu wa wahesabu kura anaonesha bahasha kubwa ikiwa bado imefungwa, anasoma jina, anahakiki sahihi, anaifungua, anatoa bahasha ndogo na kuitumbukiza sandukuni ikiwa bado imefungwa. Bahasha ndogo zitafunguliwa pamoja sanduku likimwagwa, na karatasi zake zichanganywe na nyingine kabla ya moja yoyote kusomwa. Mjumbe aliyetuma bahasha kisha akatokea ana hiari: arudishiwe bahasha yake ikiwa imefungwa apige kura ukumbini, au iingie ileile. Zisiingie zote mbili.

Waliokaa ukumbini wasijadili chochote kuhusu kura, na simu zikae mfukoni. Vitafunwa na chai vitolewe baada ya sanduku kuondoka, kwa sababu foleni ya chai ndipo midomo inapofunguka.

Kuhesabu

Wahesabu kura wapewe chumba cha peke yao chenye meza kubwa. Kwanza wahesabu karatasi bila kusoma majina na kulinganisha na alama za orodha. Tuchukue mfano: wajumbe 57, waliotumbukiza ukumbini 49, bahasha zilizopokelewa 6. Karatasi ziwe 55. Zikiwa 56 au 54, kazi isimame hapohapo mpaka sababu ijulikane.

Kisha kila karatasi ikaguliwe. Isiyo na majina tisa kamili haifai, yawe manane au kumi. Jina likirudiwa mara mbili, majina tisa tofauti hayajatimia, nayo haifai. Lakini karatasi yenye jina la asiyechagulika, tuseme kijana wa miaka 20 au Mshauri wa Bara, haiharibiki yote. Jina hilo pekee linaachwa na manane yaliyobaki yanahesabiwa. Vivyo hivyo kwa jina lisilotambulika. Ndiyo maana "Mama Neema" au "Mwalimu Juma" ni hatari: wakiwepo wawili nchini wanaoitwa hivyo, hakuna atakayepewa kura hiyo. Andika majina mawili au matatu kamili na mji anaoishi, na wahesabu kura wawe na orodha ya waumini mezani kuondoa utata wa herufi.

Karatasi zipangwe mafungu ya 10. Mmoja anasoma jina kwa sauti, wa pili anatazama begani mwake kuhakikisha kilichosomwa ndicho kilichoandikwa, wawili wanaweka alama kila mmoja kwenye jedwali lake bila kuangaliana. Wa tano anashika mafungu. Kila wenye majedwali wanapofikia kura ya tano ya mtu, wote wawili hutamka "tano." Mmoja akikaa kimya, kosa limepatikana likiwa bado bichi. Fungu likiisha, jumla ya alama mpya iwe 90, ukiondoa majina yaliyokataliwa. Usianze fungu jingine kabla majedwali hayajalingana.

Mwishoni ifanyike hesabu hii. Karatasi 55, moja imekataliwa kwa kuwa na majina manane, zimebaki 54. Mara tisa ni 486. Majina mawili yalikataliwa, kwa hiyo jumla ya kura za watu wote iwe 484 kamili. Ikitoka 483, kuna alama iliyorukwa, na kwa kuwa mlikuwa na mafungu mtajua ni fungu lipi la kurudia. Bila mafungu mtaanza upya usiku, mkiwa mmechoka, na uchovu huzaa makosa mengine.

Tisa wenye kura nyingi ndio Baraza. Sare ikitokea katika nafasi ambazo haziathiri tisa, haina neno. Sare ya nafasi ya tisa ndiyo inayohitaji uamuzi. Shoghi Effendi aliagiza mwaka 1938 kwamba mmoja wa waliofungana akiwa wa kundi la watu wachache katika jamii, nafasi ni yake bila kusita. Hilo linafanya kazi tu pale ambapo hakuna anayebishana kwamba yeye ni wa wachache. Ukizuka ubishi, au wote wawili wakiwa wa wachache, kura inarudiwa kati ya waliofungana peke yao. Wawili wakigombania nafasi moja, karatasi iwe na jina moja. Watatu kwa nafasi mbili, majina mawili. Marudio nayo hayana maelezo wala utambulisho. Mwenyekiti asiwasimamishe waliofungana "ili wajumbe wawaone."

Ripoti ya wahesabu kura iseme idadi ya wajumbe, kura zilizopigwa, zilizokataliwa na sababu yake, na kura walizopata watu. Wote wasaini. Isomwe mbele ya wajumbe, iidhinishwe, kisha karatasi zote zifungwe kwenye bahasha kubwa yenye lakiri na kukabidhiwa Baraza zihifadhiwe pamoja na ripoti. Asubuhi ya pili mtu akileta shaka, bahasha hiyo ndiyo ushahidi pekee. Waliohesabu wasitoke chumbani wakisimulia nani alikosa kwa kura mbili.

Baada ya matokeo

Aliyechaguliwa asikatae kwa unyenyekevu wa mdomoni. Kama ana sababu ya kweli, ugonjwa au safari ndefu, anaieleza kwa Baraza na Baraza linaamua. Hongera zisizo na kelele zinatosha. Kupiga vigelegele kwa mmoja na kimya kwa mwingine kunajenga makundi dakika ileile.

Kikao cha kwanza huitishwa na aliyepata kura nyingi zaidi, naye hukiongoza mpaka mwenyekiti apatikane. Wakilingana wawili kileleni, ipigwe kura ya bahati nasibu kuamua nani aitishe. Viongozi ni mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina, kila mmoja kwa kura ya siri isiyo na mapendekezo. Hapa kanuni ni tofauti na ile ya Mkutano: lazima mtu apate kura tano au zaidi kati ya tisa. Akipata nne na mwingine tatu, hajachaguliwa bado. Kura inarudiwa na wote tisa wanaendelea kuchagulika, hakuna anayeondolewa. Kila mwanabaraza apewe nafasi ya kupiga kura hiyo, hivyo kikao kifanyike wote wangali mjini. Mwenyekiti wa Baraza hana amri yake binafsi. Mamlaka ni ya wale tisa wakikaa pamoja, na nje ya kikao yeye ni muumini kama wengine.

Wiki hiyohiyo katibu mpya aandae muhtasari wenye majina na sahihi kwa ajili ya benki, ofisi inayosajili jumuiya na, Tanzania, RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) endapo wadhamini wamebadilika. Watia sahihi wa zamani wasiondolewe benki kabla wapya hawajapokelewa, vinginevyo mishahara ya wafanyakazi na pango la ofisi vitakwama.

Kazi ya mjumbe haiishi Mkutano ukifungwa. Mwanabaraza akifariki, akihama nchi au akiruhusiwa kujiuzulu katikati ya mwaka, ni wajumbe walewale wa Mkutano wa mwisho wanaojaza nafasi, kwa kawaida kwa bahasha zile mbili. Nafasi moja, jina moja. Nafasi mbili, majina mawili. Katibu awatumie karatasi na tarehe ya mwisho ya kupokea, na wahesabu kura wateuliwe kama kawaida.